Bathsheba na Kesi ya Pareto

Katika miaka sita tangu Thadeus Nyamongo amwoe Orpah, mama mkwe wake hakuwahi kufika nyumbani kwake bila kualikwa. Mila haikuruhusu mazoea. Walisalimiana kwa mbali, hawakupeana mikono, na kama kulikuwa na ujumbe kati yao, Orpah ndiye aliyeubeba. Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi, Aprili 1978, Thadeus alipochungulia dirishani akamwona Bathsheba Kwamboka akipandisha njia ya shule peke yake, kikapu kichwani na viatu mkononi kwa sababu ya matope, aliiacha karatasi ya mtihani aliyokuwa akisahihisha na kumwita mkewe kwa sauti ya hofu.

"Orpah! Njoo haraka. Mama anakuja. Kuna aliyefariki?"

Hakuna aliyekuwa amefariki. Bathsheba aliosha miguu kwenye bomba la tangi la mvua, akavaa viatu, akaketi barazani kwenye kiti alicholetewa na bintiye, ubavu wake ukielekea kwa mkwewe kama ilivyopasa.

"Mwalimu, hamjambo hapa?"

"Hatujambo, Mama. Karibu sana."

"Nisamehe kwa kuja hivi. Nimekuja kwa jambo la masomo, si jambo la ukoo. Ningemtuma Orpah, lakini jambo lenyewe ningemwambia nusu naye angekufikishia robo."

Orpah alicheka. Thadeus alivuta kiti chake hadi mlangoni, mahali ambapo angeweza kumsikia vizuri bila kumkabili uso kwa uso. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari karibu na Kebirigo, na kwa miaka hiyo sita hakuna mtu mzima wa kijijini aliyewahi kumjia na swali la kemia.

"Omwenga anang'oa pareto yake," Bathsheba alisema.

Omwenga alikuwa jirani yake na mwenyekiti wa kituo cha kuuzia maua. Shamba lake la pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, ndilo lililokuwa likionyeshwa wageni, safu zilizonyooka na maua meupe yaliyojaa mpaka ukingo wa barabara. Thadeus hakuamini.

"Anang'oa? Kwa nini?"

"Alisikia redioni kwamba Marekani wamepiga marufuku makopo ya kupuliza, yale ya dawa ya wadudu na ya manukato, kwa kuwa yanaharibu mbingu. Alivyolisimulia sokoni, na sokoni walivyolisimulia wao, siku ya tatu likawa: pareto inatoboa mbingu. Jana, siku ya Sabato, kanisani nimesikia mtu akisema kuwa ndiyo sababu jua la Januari lilikuwa kali hivyo. Watu wanne wameshachukua majembe. Nami nina shamba lile tu, Mwalimu, unalijua. Baba yake Orpah alilipanda mwaka aliofariki. Sasa nataka kujua. Kama ni kweli maua yangu yanafanya uharibifu, nitayang'oa mwenyewe na sitalia. Kama si kweli, nataka kujua vilevile."

Thadeus alikuwa amesoma juu ya jambo hilo katika gazeti la sayansi lililofika maktaba ya shule likiwa limechelewa mwaka mzima na zaidi. Alikuwa amelisoma mara mbili, kisha akalirudisha kwenye rafu, kwani mtaala haukulitaja na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na mtihani. Sasa alinyanyuka, akachukua kipande cha chaki, akapiga magoti akaanza kuchora kwenye saruji ya baraza. Alichora mviringo wa dunia. Juu yake akachora mstari wa hewa tunayovuta, na juu zaidi, mbali kuliko ndege zinavyopaa, mstari mwingine mwembamba.

"Huu unaitwa ozoni, Mama. Ni hewa ya namna yake. Jua lina miale mingine mikali tusiyoiona, inayounguza ngozi na macho na hata majani ya mimea. Ozoni inaizuia mingi isitufikie. Sasa ndani ya kopo la dawa mna vitu viwili. Kuna dawa yenyewe inayotokana na maua yenu, nayo ni kidogo tu. Halafu kuna gesi inayoisukuma itoke. Gesi hiyo haikuumbwa na Mungu, imetengenezwa na watu viwandani. Waliipenda kwa sababu ni pole mno. Haishiki moto, hainuki, haimdhuru mtu, haichanganyiki na kitu."

"Basi ubaya wake uko wapi?"

"Upole huo huo ndio ubaya. Moshi wa jikoni huoshwa na mvua. Gesi hii mvua haiwezi kuiosha. Wala haiozi. Inazunguka na upepo na kupanda polepole, miaka kumi, miaka ishirini, hadi inapita sehemu kubwa ya ozoni, mahali ambapo miale mikali inaipiga na kuivunja. Ikivunjika inatoa klorini. Na punje moja ya klorini ikianza kula ozoni haishibi. Inavunja moja, inaachiliwa, inavunja nyingine, maelfu kwa maelfu."

Bathsheba alikuwa ameinama akitazama mchoro.

"Nani alipanda huko juu akaona?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna, Mama. Hakuna aliyeona tundu lolote mpaka leo. Kuna waliopima hewa baharini, mbali na kiwanda chochote, wakaikuta gesi ile imefika. Wengine wakajiuliza inakwenda wapi hatimaye, wakaketi na karatasi wakaifuata kwa hesabu, hatua kwa hatua, mpaka wakafika hapa." Aligusa ule mstari mwembamba. "Wenye viwanda wanabisha. Wanasema ni makisio tu."

"Walijua kwa kufikiri," Bathsheba alisema taratibu. "Kabla nyumba haijaungua." Akatikisa kichwa, na Thadeus akaona macho yake yameng'aa kama ya mtu aliyesimuliwa ushujaa wa ndugu yake. "Hao ni watu, Mwalimu. Hao wana akili."

Thadeus alidhani somo limekwisha. Alipangusa mikono, akafungua kinywa ili amwombe Orpah alete chai.

"Nimekusikia," Bathsheba aliendelea. "Lakini wewe umeambiwa na gazeti, nami nimeambiwa na wewe. Nikienda kwa Omwenga nitamwambia nini? Kwamba mkwe wangu amesoma? Yeye naye amesikia redio. Sasa niambie hivi. Kopo likipulizwa nzi anakufa. Nitajuaje ni kipi kati ya vile viwili kilichomuua? Pengine gesi ndiyo inayoua, na maua yetu yanatiwa kwa jina tu. Hakuna njia ya kuitoa gesi peke yake?"

Thadeus alikumbuka maneno yaliyoandikwa kwenye makopo yale, kwamba yashikwe wima. Kwa nini wima? Kwa sababu mrija wa ndani unafika chini, penye maji ya dawa. Ukilipindua kopo kichwa chini, mdomo wa mrija unabaki juu ya maji, na kinachotoka ni gesi tupu.

"Njia ipo," alisema, na mwenyewe akashangaa.

"Basi tuifanye. Kopo ninalo." Alilitoa kikapuni, zawadi ya Krismasi kutoka kwa mwanawe wa Nairobi, limebaki nusu. Hakumpa mkononi. Aliliweka kwenye kigoda, akaondoa mkono, ndipo Thadeus akalichukua.

"Ila tukipuliza, gesi itapanda," Thadeus alisema.

"Najua. Tutapuliza mara mbili tu, kidogo, nami nitaijibu hiyo nitakapoulizwa. Lakini sitang'oa shamba wala kulitetea kwa kubahatisha."

Orpah alileta chupa za jemu. Kunasa nzi hakukuwa kazi. Jalala la jikoni la shule lilikuwa nyuma ya nyumba. Thadeus aliandaa chupa mbili, nzi kumi katika kila moja, akazifunika kwa kitambaa. Hapo Bathsheba akanyoosha kidole.

"Ongeza ya tatu. Hiyo usiipulizie kitu. Nitatia unga wa maua yangu, nimekuja nao." Alikuwa amefunga pareto kavu kwenye kitambaa, ameisaga kwa jiwe la kusagia wimbi. Kisha akafikiri tena. "Na ya nne."

"Ya nne ya nini, Mama?"

"Ya nne tuiache hivyo hivyo. Nzi wakifungiwa kwenye chupa wanaweza kufa wenyewe kwa joto au kwa hofu. Wakifa na wa chupa hiyo, basi hatujajua lolote."

Thadeus alibaki ameshika kitambaa. Kwa miaka sita alikuwa amesimama mbele ya kidato cha pili akifundisha jambo hilo hilo, kwamba kila jaribio linahitaji kitu kisichoguswa cha kulinganishia, na kila mwaka nusu ya darasa ililisahau kabla kengele haijalia. Mwanamke huyu aliyeishia darasa la tatu alikuwa amelitoa kichwani mwake barazani, akingoja chai. Alitamani kumwambia hivyo, lakini mkwe hamsifu mkwe usoni. Alikwenda kunasa nzi wengine ishirini.

Walipuliza. Katika chupa ya kwanza, kopo likiwa limepinduliwa, nzi walianguka papo hapo. Orpah akapiga kelele, "Wamekufa! Gesi inaua!" Uso wa Bathsheba ulibadilika. Aliigusa chupa kwa nje.

"Ni baridi hii," alisema. "Kama mawe ya mvua. Tungoje."

Walingoja. Baada ya dakika chache nzi mmoja alitikisa mguu. Mwingine akajigeuza. Chai ilipokuwa imenywewa wote kumi walikuwa wakitembea kwenye kioo, wamekasirika. Katika chupa ya pili, iliyopuliziwa kopo likiwa wima, hakuna aliyeamka. Katika ya tatu, nzi walianza kuyumba kama walevi, wakaanguka mmoja mmoja, na baada ya nusu saa wote walikuwa chali. Katika ya nne walirukaruka kama kawaida.

Bathsheba alizitazama chupa nne zilizopangwa juu ya ukuta wa baraza, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akarudia kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. "Kumbe gesi ni mchukuzi tu," alisema. "Mwenye kazi ni ua. Na ua linaweza kutembea kwa miguu yake."

Mkutano wa kituo ulikuwa Jumatano. Wanachama walifika kwa wingi kuliko siku zote, wengine wakiwa na matope ya kung'oa bado kwenye magoti. Bathsheba alikuwa mwanachama kwa namba ya marehemu mumewe, na wanawake wa namba za marehemu waliketi nyuma na mara chache walisema. Thadeus alisimama pembeni ya lango pamoja na watazamaji, kwani hakuwa na shamba.

Omwenga alifungua kwa unyonge. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezaliwa na woga wa kukosa, na woga huo ndio uliomfanya mkulima hodari. "Ndugu zangu," alisema, "mimi nimeshang'oa nusu. Sitaki kuambiwa kesho kwamba nilikuwa mwenyekiti wa watu walioharibu kazi ya Mungu. Na hata tukiweka dini kando, Mmarekani amekataa makopo. Atanunua pareto ya nini?"

Bathsheba aliinuka kule nyuma. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Sema, Mama Orpah."

Alisimulia yote, kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Alisimulia juu ya ozoni na gesi pole isiyooshwa na mvua, akatumia chungu na kifuniko mahali ambapo Thadeus alitumia mstari wa chaki, na watu wakaelewa. Alisimulia juu ya chupa nne. Alipofika kwenye nzi walioamka, mzee mmoja aliyeitwa Machogu alidakia.

"Hayo tumeyasikia kwa mdomo. Puliza hapa tuone."

"Sipulizi," Bathsheba alisema.

Pakawa na minong'ono. Omwenga akauliza, "Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimepuliza mara mbili Jumapili ili nijue. Sasa najua, na hiyo gesi niliyoitoa hairudi koponi. Mjukuu wa Orpah, ambaye mama yake hajazaliwa bado, ndiye atakayeikuta ikiwa huko juu. Siwezi kuitoa tena kwa ajili ya maonyesho. Lakini nitawaonyesha kinachotosha."

Alitoa chupa mbili tu zenye nzi, moja akaitia unga wa pareto, nyingine akaiacha, akaziweka juu ya mizani ya kupimia maua. Kisha akaketi. Wanaume themanini na wanawake ishirini na kitu wakabaki wakitazama nzi. Mwanzoni walicheka. Halafu wakaanza kusogea. Machogu alivaa miwani yake. Nzi wa kwanza alipoyumba mtu akasema "Ee!" na ukimya ulioshika baada ya hapo Thadeus hakuwahi kuupata darasani hata siku moja. Watu wazima walikuwa wameinamia kioo, pumzi wamezishika, wakingoja kujua.

"Wa tano huyo," Omwenga alihesabu kwa sauti ya chini. "Wa sita. Na hawa wengine wazima kabisa."

"Hakuna kopo hapo, Mwenyekiti," Bathsheba alisema. "Hakuna gesi. Mmarekani amekataa gesi, na amefanya vyema. Lakini hajawapenda nzi. Mbu bado wanamuuma. Atataka dawa hiyo iingie kwenye bomba la mkono, au kwenye zile koili za kuchoma, au iwe unga kama huu. Tusing'oe. Tuandike barua kwa wanunuzi wa Nakuru tuwaambie kwamba wakulima wa huku wanaomba maua yao yasitiwe tena kwenye gesi hiyo."

Mtu mmoja akauliza kwa kejeli kama kweli wakubwa wa Nakuru wangeisoma barua ya wanakijiji.

"Huenda wasiisome," Bathsheba alijibu. "Lakini maua yangu yamepanda ndani ya makopo hayo kwa miaka kumi na miwili. Siwezi kusema simo. Nataka pawe na karatasi mahali fulani yenye jina langu, inayosema nilipojua nilisema."

Barua aliiandika Thadeus, juu ya meza ya karani, huku Bathsheba akimwambia maneno kupitia kwa Omwenga, na Omwenga akiyaongezea heshima. Sahihi na alama za vidole gumba zilijaza kurasa tatu. Omwenga alitia sahihi wa kwanza, akaegemea meza, akasema bila kumtazama mtu, "Na mimi nimeshang'oa nusu shamba."

"Mvua ingalipo," Bathsheba alimwambia. "Njoo kesho na wanao. Mashina yangu ni manene, tutayagawa."

Walikuja, na waliyagawa. Wawili kati ya wale wanne wengine walikuja pia. Wawili hawakuja, wakapanda chai, na hakuna aliyewalaumu. Jibu kutoka Nakuru lilifika mwezi wa saba, karatasi moja iliyopigwa chapa, ikiwashukuru wakulima na kusema kwamba dawa isiyohitaji gesi ilikuwa ikitengenezwa tangu zamani na ingeendelea kutengenezwa, na kwamba juu ya makopo waamuzi walikuwa wenye viwanda huko ng'ambo. Wengine waliona ni jibu la kuwaondoa. Bathsheba aliona walau barua yao imesomwa.

Thadeus alibadilika zaidi ya alivyotarajia. Muhula uliofuata aliweka chupa nne mezani mbele ya kidato cha pili, bila kopo, akawaambia wanafunzi kuwa jaribio lile lilibuniwa na mkulima wa Kebirigo. Hakusema ni mkwe wake. Walipouliza jina aliwaandikia ubaoni kwa herufi kubwa, Bathsheba Kwamboka, na wakalinakili madaftarini mwao chini ya majina ya Wazungu waliotajwa katika sura hiyo ya kitabu.

Mwezi wa kumi Bathsheba alikuja tena bila kualikwa, akaketi barazani vilevile, kwa ubavu.

"Mwalimu, juzi nilikuwa Kisii mjini kununua mbolea. Nikaingia dukani kunywa soda. Wana friji kubwa, inanguruma. Nikamuuliza mwenye duka kinachoifanya iwe baridi. Akasema ni gesi. Nikakumbuka ile chupa yetu ilivyokuwa baridi. Ni ile ile?"

Thadeus alihisi joto likimpanda usoni. Gazeti lilikuwa limesema hivyo, aya moja tu, naye aliipita. "Ni ndugu yake, Mama. Karibu sawasawa."

"Nilidhani hivyo. Nikaenda hadi kwa fundi wa friji, yuko nyuma ya soko la ndizi, anaitwa Ratemo. Ana adabu. Nikamuuliza, friji ikiharibika, gesi iliyobaki ndani unaifanyaje? Akaniambia, 'Mama, nakata mrija, inajiendea.' Nikamwuliza kama haiwezekani kuinyonya akaiweka kwenye mtungi. Akafikiri. Akasema pampu anayo, mtungi mtupu anao, hajawahi kuulizwa tu." Alizikunja ncha za leso yake. "Ana maswali kuhusu pampu ambayo mimi sina majibu yake. Nikamwambia nitamletea mtu anayejua."

"Lini, Mama?"

"Basi linapita saa nne."

Thadeus alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Aliingia ndani kutafuta koti lake, na Orpah, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alikuwa tayari amelishika.

Walikwenda Kisii siku hiyo, mama mkwe akiketi mbele karibu na dereva, mkwe akiketi nyuma kabisa kama ilivyopasa.